Mtoto hachanganyikiwi na lugha nyingi, anachekwa tu

Kuna imani imeshika sana hapa Mombasa, hasa kwa wazazi wenye watoto wadogo, kwamba ukimrundikia mtoto lugha nyingi atachanganyikiwa, atachelewa kusema, na shule akienda atakuwa nyuma ya wenzake. Utaisikia kwa mama mwenye kazi yake nzuri Nyali na utaisikia kwa mama muuza viazi karai Kisauni, na wote wawili wakishaisema wanaamua kitu kimoja: kikwetu kiwekwe kando kwanza, mtoto apewe Kiingereza na Kiswahili, hizo zingine atajifunza akikua. Hiyo "akikua" mimi bado sijaona imemfikia mtu.

Na msidhani haya ni maneno ya barazani tu, yamewahi kuwa na wasomi wake. Mwaka 1923 mtafiti mmoja wa Wales, D. J. Saer, alipima akili za watoto wa shule kama 1,400 huko kwao akakuta wa vijijini wanaosema Kiwelsh na Kiingereza wanapata alama chini ya wenzao wa Kiingereza kitupu, bas, ikawa ndo ushahidi, ikatembea miaka na miaka. Kitu ambacho hakikutembea nayo ni kwamba watoto wa mjini wenye lugha mbili, kwenye utafiti huo huo, hawakuwa nyuma ya mtu. Yaani ukiangalia vizuri kilichopimwa pale ni maisha ya shamba na maisha ya mji, lugha ikabebeshwa lawama. Ilibidi ifike 1962 ndo Elizabeth Peal na Wallace Lambert, kule Montreal, wachukue watoto wa miaka 10 wanaolingana hali za nyumbani wawapime upya, wakakuta wenye Kifaransa na Kiingereza wanafanya vizuri zaidi. Nao wamekosolewa, manake watoto waliowachagua walikuwa wazuri wa lugha zote mbili tokea mwanzo, lakini kwa wasomi ile hofu ya kwamba lugha ya pili inaharibu kichwa haikupata tena pa kusimama.

Sikuizi upepo umegeuka upande wa pili, utaambiwa lugha nyingi zinachelewesha mtu kusahau uzeeni. Ni kweli Ellen Bialystok na wenzake wa Toronto walichapisha mwaka 2007 kwamba wagonjwa wao wenye lugha mbili walianza kuonyesha dalili kama miaka minne baadaye kuliko wenye lugha moja, na ni kweli pia kuna watafiti wengine walioitafuta tofauti hiyo wasiione. Mimi sitaki kumuuzia mzazi Kigiriama kama dawa ya uzee. Mtoto anafundishwa Kigiriama ili aongee na Wagiriama, hiyo yatosha.

Kuhusu kuchelewa kusema, kinachowatisha wazazi ni kuhesabu maneno ya lugha moja tu. Mtoto anajua kuomba maji kwa Kidigo, kwa bibi yake, na anajua kuomba simu kwa Kiswahili, kwa mamake, sasa wewe ukimhesabia Kiswahili peke yake utamuona maskini. Jumlisha zote mbili uone. Na akichanganya kwenye sentensi moja hajapotea njia, anachukua lililo karibu, kama unavyofanya wewe hapo ofisini ukianza na Kiswahili ukamalizia na Kiingereza na hakuna aliyekupeleka kwa daktari.

Ukitaka kuona kichwa chenye lugha nyingi kikifanya kazi usiende maabara, nenda Biashara Street asubuhi wakati maduka ya leso yanafunguliwa. Kuna mzee mmoja wa Kihindi huwa namuangalia nikisubiri kuhudumiwa. Anamuita nduguye aliye juu kwenye stoo kwa Kikachi, anamgeukia mama wa Kwale mwenye kutafuta leso ya harusi anamtania kwa Kiswahili cha mji kabisa, "mamangu hii ukiivaa baba watoto atakuja kuniuliza mimi", kidogo anatupia Kidigo cha kuuliza watu wa nyumbani, mama anaangua kicheko, simu inalia anajibu Kiingereza cha mizigo na risiti, akikata simu anarudi kwenye bei pale pale alipoachia. Yote hiyo haimalizi dakika tano. Huyu hakusomea lugha hata moja darasani ila hicho Kiingereza. Ila sasa kwenye kiti cha nyuma yuko kijana wake, ndo anafundishwa duka, masikio yamezibwa na earphone, babake akimuita kwa Kikachi anasikia vizuri sana, hata halazimiki kurudiwa, lakini anajibu kwa Kiingereza. Kila mara. Na mzee haoni ajabu.

Huyo kijana ndo anayenishughulisha. Na sio wa Kihindi peke yake, Mombasa imejaa vijana wa aina hiyo, wa kusikia bila kujibu. Wa Kidigo wako, wa Kikamba wako, wa Kibajuni wako, wa Kidawida, yaani Kitaita, mimi mwenyewe ni mmoja, upande wa baba. Ukituuliza tunasema "nasikia lakini siongei". Tumeizoea hiyo jibu mpaka tunaona kama ni kabila lenyewe.

Kabla sijasema inatokana na nini niseme kwanza haitokani na nini. Watu wanapenda kulaumu Kiswahili, ati Kiswahili ndo kimekula lugha za watu hapa pwani. Hapo naomba tuende polepole. Mji huu haujawahi kuwa wa watu wa aina moja, hata Waswahili wenyewe wa hapa wanajihesabu Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili, Thelatha (matatu) na Tisa, ndo waje Mijikenda nao tisa, Wahadhrami, Wabaluchi, Mabohra, Wagoa. Afu 1896 reli ikaanza kujengwa kutokea hapa, ikaletewa vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, wengi walirudi kwao lakini waliobaki wakabaki, na bandari ya Kilindini ilipokua ikavuta Wakamba, Wataita, Wajaluo, Waluhya, Wakikuyu. Hawa wote wangeongeana kwa nini? Mwezi Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi wa bandari, reli na mahoteli waligoma mji mzima ukasimama, na aliyekuja kuongoza chama chao ni Chege Kibachia, Mkikuyu wa bara. Mkutano wa watu wa namna hiyo haufanyiki kwa Kikikuyu wala kwa Kimvita, Kiswahili cha wenyeji wa Mombasa. Kiswahili hakikuja kumnyang'anya mtu chochote pale, kilikuja kwa sababu kilihitajika.

Sasa chukua wajukuu wa watu hao. Baba Mjaluo aliyezaliwa kota za reli Changamwe, mama Mtaita aliyekulia Mikindani, wamekutana kwa Kiswahili, wamependana kwa Kiswahili, wanagombana kwa Kiswahili, mtoto atapata wapi lugha nyingine? Lugha ya mama ya huyo mtoto ni Kiswahili na hakuna aibu hapo. Mimi siwezi kumlilia. Mtu kumwambia "mwacha mila ni mtumwa" ni kumuonea, manake yeye hakuacha kitu, hakupewa. Na ukihesabu tamaduni alizokulia ndani yake ni nyingi kuliko za wengi wetu: Krismasi ya kwao, Iddi ya jirani ambayo sinia la pilau linakuja mpaka mlangoni, matanga ya kibara ya kuchanga pesa ya kusafirisha maiti, na jioni mabuyu na achari ya kwa Mama fulani. Lugha moja, tamaduni tano. Hesabu za lugha na hesabu za tamaduni hazilingani, na watu wa kutoa hukumu huwa wanazichanganya.

Kinachoua, kwa maoni yangu, ni kicheko.

Jirani yangu alimpeleka mtoto wake Siaya, Desemba, kwa mara ya kwanza tangu akili imkae sawa. Mtoto wa miaka tisa, amefundishwa salamu na babake njiani kwenye basi, usiku mzima wanarudia. Kufika, nyanya yake anatoka nje anamuuliza "Idhi nade?" na mtoto anajibu "Adhi maber", maneno yote sawa sawa ila sauti imepanda pale Mombasa inapopanda na kushuka inaposhuka. Boma lote likacheka. Si kwa ubaya, nyanya mwenyewe alicheka akamkumbatia, binamu wakamuita Mswahili, wakawa wanamuomba arudie tena, na tena, wageni wakija wanaitiwa waje wamsikie. Siku ya pili mtoto akiulizwa anajibu kwa Kiswahili. Siku ya tatu hata kuulizwa haulizwi. Walikaa mpaka shule zikakaribia kufunguliwa na hakufungua kinywa tena kwa Kijaluo, na babake anasema sasa hata kwenye simu akipewa nyanya anamrudishia mamake haraka. Ukimuuliza huyo mtoto atakwambia hataki. Atakuambia haipendi hiyo lugha. Watu wazima wakisikia hivyo wanasema watoto wa mjini wamepotea.

Mtu mzima akichekwa anajikaza, ana sababu zake, anataka kazi au anataka mke. Mtoto hana haja hiyo. Yeye ana lugha nyingine mkononi ambayo haimchekeshi mtu, kwa nini asiitumie? Na ubaya wa kicheko cha nyumbani ni kwamba kinatoka kwa wale wale ambao angejifunza kwao, shangazi, binamu, nyanya, hakuna pengine pa kwenda kufanya mazoezi. Kiingereza akikikosea shuleni anarekebishwa na kesho anatakiwa arudi tena ajaribu. Kikwetu akikikosea mara moja ndo imekuwa hadithi ya familia, itasimuliwa kwenye harusi yake.

Na sisi wa Mombasa tusijifanye hatumo. Sisi ndo mabingwa. Mtu wa bara akishuka stesheni akasema "kuku yangu" au "hii nyama iko tamu" hapo hapo tumeshamchora, tutamuiga, tutamfanyia video, na tunaita hiyo ni kulinda lugha. Matokeo yake kuna watu wamekaa mji huu miaka na miaka wakiingia duka la Mswahili wanaongea Kiingereza, afu tunasema wanajivuna. Hawajivuni, wanaogopa midomo yetu. Kuna wauguzi, kuna maticha wa hesabu, wanajua Kiswahili cha kutosha kabisa lakini wanakinyamazia mbele ya mtu wa Mji wa Kale.

Cha kuchekesha zaidi, na sisi tumechekwa, tena kwetu. Mwaka 1928 ulikaa mkutano wa wakubwa wa serikali za kikoloni kuamua Kiswahili kipi kitakuwa cha shule na cha vitabu kwa Afrika Mashariki yote, na ukafanyikia hapa hapa Mombasa, na ndani ya Mombasa wakachagua Kiunguja, Kiswahili cha Zanzibar. Kimvita kilikuwa na washairi wakubwa karne nzima kabla ya hapo, Muyaka bin Haji alikuwa akitunga hapa mwanzo wa karne ya 19, wamishonari wa upande huu nao walikuwa wanakipigania, lakini kura ikaenda ng'ambo. 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia. Sina ugomvi na usanifishaji wenyewe, ilibidi kichaguliwe kimoja. Ugomvi wangu ni na kalamu nyekundu. Mtoto wa Kibokoni anaandika insha "yuwaja" kama anavyosema bibi yake, anakatwa, anaambiwa sema "anakuja", na hajaambiwa kwamba lake pia ni Kiswahili, tena cha zamani, ila kwenye mtihani tunatumia hiki. Anaambiwa amekosea, na ticha anayemwambia pengine ni mtu wa bara ambaye sisi mtaani tunamcheka kwa "kuku yangu". Kila mtu hapa ana wa kumcheka na wa kuchekwa naye. Mtoto anakua akijua kwamba lugha ni mahali pa kuumbuliwa.

Juu ya vyote hivyo ndo kuna Kiingereza, ambacho hakichekwi, kinaogopwa. Zipo shule mpaka leo ukishikwa umesema Kiswahili unavishwa disk shingoni, kibao cha adhabu, unatembea nayo mpaka umshike mwenzako naye. Katiba ya 2010 kifungu cha 7 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na kwamba serikali itakuza lugha za watu wa Kenya pamoja na lugha ya ishara. Mtoto mwenye disk shingoni hajaisoma katiba, anasoma disk.

Ndo maana mizani zetu zimepinda. Nimekaa saiba na kijana wa Watamu anayetafuta kazi ya hoteli huku Bamburi, ananiomba nimuangalizie sivii yake. Pale kwenye lugha ameandika Kiingereza, Kiswahili, nukta. Nikamuuliza Kigiriama je? Akacheka, ati hiyo nayo naandika? Nikamuuliza Kitaliano je, manake nimemsikia mwenyewe akiongea na mzee wa Kitaliano kwenye simu kuhusu mambo ya nyumba, bei ya fundi, maji, stima, wanabishana kabisa. Kasema hiyo hakusomea, ya mtaani tu. Sasa ule ukanda wa Malindi na Watamu Kitaliano kimekuwepo tangu Wataliano walipoweka mitambo yao ya San Marco pale baharini ya kurushia satelaiti miaka ya 60, na baada yake watalii na majumba, watoto wa pale wanakiokota kwenye mchanga tangu wadogo. Kuna mtu analipa ada ya maelfu Nairobi apate kiwango cha huyu kijana hajakipata. Lakini kwa sababu hakina cheti, mwenye nacho hakihesabu. Tukaandika lugha nne, na Kigiriama tukaiweka. Meneja wa hoteli ambayo wafanyakazi wake nusu ni Wagiriama anaihitaji pengine kuliko hicho Kitaliano.

Wazungu wana jina la watoto wanaokulia baina ya tamaduni, mwanasosholojia Ruth Useem aliwaita watoto wa utamaduni wa tatu, alikuwa anawaangalia watoto wa Wamarekani waliokuwa wakikulia India miaka ya 50. Wa kwetu hawana hilo jina kwa sababu hawakupanda ndege. Ila wako waliopanda. Somalia ilipovunjika 1991 Wabarawa, watu wa mji wa Barawa wa huko, walikuja hapa kwa wingi na lugha yao, Chimiini, ndugu kabisa wa Kiswahili, wengine wakabaki Mombasa, wengine wakaendelea Uingereza na Marekani. Bibi mmoja wa Kibarawa mtaani kwetu ana wajukuu Uingereza, Ijumaa wanapiga video. Yeye hajui Kiingereza zaidi ya "okei" na "bai". Na kwa sababu hajui, wale wajukuu wanalazimika. Wanakosea, unawasikia wakitafuta neno, na yule bibi hacheki wala hasahihishi, anasubiri tu, wakishamaliza anaendelea na habari kama vile wamesema sawa. Watoto wa London wanaongea Chimiini kuliko binamu zao walioko hapa Mombasa, manake hao wa hapa bibi anawasemesha Kiswahili.

Kwa hio swali la ajifunze lugha ngapi mimi naliona la kupoteza wakati. Mbili zitamtosha mtoto, na sita hazitamuua. Cha kuuliza ni nani atamsemesha, na akikosea itakuwaje. Nyumba nyingi wapo watu wa kusemesha: babu asiyependa Kiswahili, msichana wa kazi wa Kiduruma ambaye tunamkataza kumsemesha mtoto Kiduruma, afu tunampeleka mtoto shule ya kulipia Kifaransa.

Nje ya nyumba pia kuna la kufanya, na halina gharama kubwa. Chekechea kwa mujibu wa katiba ziko chini ya kaunti, sio Nairobi. Kaunti ya Mombasa inaweza kesho asubuhi kusema kila Ijumaa saa moja ya hadithi, aletwe bibi wa mtaa au babu awatolee watoto hadithi kwa lugha yake, Likoni Kidigo, Mwakirunge Kigiriama, Mji wa Kale Kimvita chenyewe bila kukatwa kwa kalamu, Changamwe chochote kilichoko kwenye hizo kota. Apewe nauli na chai. Watoto wasiojua watajibu kwa Kiswahili, sawa, wiki ya kumi watakuwa wanaitikia viitikio, na ticha kazi yake iwe kuhakikisha anayejaribu hachekwi. Najua atatokea mtu aseme mkianza na Kidigo Wakamba watalalamika, kwa hio iundwe kamati kwanza ya kuamua lugha ipi itangulie. Hapana, asanteni, ule mkutano wa 1928 ulitutosha.